Filimbi ya Kisalala

Mamamkwe wangu Kavuo hapendi kuambiwa kwamba ana bahati. Husema bahati ni ya watu wanaolala mchana. Yeye ana shamba na ana majirani, na vyote viwili, husema, havikuanguka kutoka mbinguni. Amevilima kwa mikono yake. Mimi ni Bénie, mke wa mwanawe Sikuli. Nimezaliwa mjini Butembo, upande wa Kimemi, na mpaka leo nikishika jembe wanawake wa Musienene hugeuza nyuso kando ili nisiwaone wakicheka. Kwa hiyo haya ninayosimulia si maneno ya mkulima. Ni maneno ya mtu aliyeolewa katika ukoo wa wabishi, akawapenda hivyo hivyo.

Shamba lenyewe liko juu ya kilima kinachoitwa Kisalala, na kutoka soko la Musienene ni kupanda tu mpaka ufike. Baba mkwe wangu, Papa Mathe, Mungu amrehemu, ndiye aliyelifyeka. Alichimba matuta yake moja baada ya jingine kukata mteremko, akapanda mikaratusi pale juu kabisa ili upepo usiumize maharage. Alipofariki, Kavuo aliendelea peke yake, kwa sababu watoto wote tulikuwa mjini kwenye biashara. Tena hakuwa peke yake katika kuwa peke yake. Ilikuwa wakati wa vita vya pili, vile vilivyoanza mwaka wa 1998, na wanaume wengi walikuwa wameondoka, huyu kwenye machimbo ya dhahabu, yule kwenye biashara za mbali, mwingine msituni na bunduki. Ungesimama sokoni ukatazama juu, ungeona kila kilima na mwanamke wake mmoja, ameinama.

Kabla ya vita wanawake hao walikuwa na desturi yao. Jua likishuka nyuma ya mikaratusi, mtu anapakia kitunga chake mgongoni, anapitisha ukanda kwenye paji la uso, na kabla ya kuinua mguu anaita kwa sauti: “Wasibire!” Ndiyo salamu ya Kinande ya mtu aliyeshinda kazini. Kilima cha pili kinaitika, kinapeleka kwa cha tatu, na salamu inashuka hivyo mpaka bondeni. Kwetu salamu haiachwi ianguke chini. Unaweza kugombana na mtu mpaka ukamnyima kaa la moto, lakini akikusalimia unaitika, hata kama meno yamebanana.

Vita vikazima desturi hiyo. Majeshi yalikuwa mengi na majina yao yalibadilika mara kwa mara, na sauti ya mwanamke mmoja juu ya kilima ilimwambia yeyote aliyejificha vichakani kwamba hapa kuna mwanamke, na yuko peke yake. Wakaanza kushuka kimya. Mamamkwe aliniambia siku moja, tukichambua maharage jikoni kwake:

“Bénie, masasi mutu anazoea. Ile kimya ya mangaribi njo sizoee.”

Kwamba risasi zinazoeleka na kimya cha jioni hakizoeleki, nilidhani ni maneno ya uzee tu. Nilikuwa bado mgeni katika familia.

Mwaka wa 2001 mwanamke mmoja wa kilima cha ng'ambo alifuatwa shambani na watu wenye silaha. Alipona kwa kujitupa mtoni, lakini alisema alikuwa amepiga kelele mpaka koo likakauka na hakuna aliyemsikia. Habari hiyo ilimkosesha usingizi masere Anne-Marie, mtawa aliyeongoza chama cha wanawake pale parokia. Alikwenda Butembo kwa wafanyabiashara wanaoleta vitu kutoka Dubai, akarudi na katoni ya filimbi za marefa, nyeusi, zenye kale kampira kadogo ndani, kila moja na kamba yake nyekundu. Baada ya Misa akazigawa.

“Filimbi hapana mapambo,” alisema. “Na hapana ya kuweka mu kitunga. Ni ya shingo, toka unatoka ku nyumba mpaka unarudia. Hata ukienda kujisaidia.”

Wanawake walicheka, lakini walivaa. Mpango ulikuwa rahisi. Mwenye hatari apige filimbi kwa mfululizo bila kukata. Anayesikia apige vile vile, amfikishie mwenzake, mpaka sauti ishuke sokoni, watu wapande na majembe na mapanga. Kavuo alifupisha kamba yake siku ile ile. Alisema ikiwa ndefu inagonga mpini ukiinama, na ukiwa umebeba kitunga, mikono miwili ikishika ukanda, utaifikia na nini? Alifunga fundo mpaka filimbi ikakaa chini ya kidevu, pale midomo inapoweza kuidaka. Wenzake wakaiga.

Sikuli wangu alifurahi kuliko wote. Alikuwa amemsumbua mama yake muda mrefu ahamie kwetu Kimemi, akae ndani ya lupango letu lenye ukuta na mlango wa chuma, na mama alikuwa amekataa kwa kila sababu anayoijua mkulima. Sasa wakapatana: filimbi shingoni, na shamba linaendelea. Kavuo alipanda Kisalala akiwa na furaha ya msichana, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa.

Kwa kuwa jioni moja, kitunga kikiwa mgongoni na filimbi ikiwa pale pale chini ya kidevu, alifikiri jambo ambalo lilikuwa na akili sana. Filimbi haina sauti ya mwanamke. Anayeisikia vichakani hajui kama ni mama, ni refa au ni mchunga mbuzi. Basi akaidaka kwa midomo akapuliza vipande vifupi vinne: wa-si-bi-re. Ng'ambo ya kijito Berthe, mjane mwenzake na mshindani wake wa viazi, alisimama wima. Akaelewa. Akaitika. Tamar, aliye chini yao, akaitika. Kavuo alishuka akilia machozi, na alipofika nyumbani hakuficha kwa nini.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Ubaya ulikuja siku ya soko, wakati kila mwanamke alikuwa kilimani kwake akichimba viazi vya mwisho vya kuteremsha. Kavuo alisalimia. Berthe akaitika, na mwingine akamwitikia Berthe, na yule aliyeitikiwa ilibidi naye aitike, kwa kuwa salamu haiachwi ianguke chini. Kila mmoja alimsalimia kila mmoja. Filimbi zikapandana mpaka hakuna aliyeweza kusema moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Huko sokoni hawakusikia salamu. Walisikia vilima vyote vinalia kwa mfululizo bila kukata.

Muuza vitunguu mmoja, mwenye filimbi yake shingoni kama alivyoagizwa, alifanya sawasawa alivyofundishwa: alipuliza kwa nguvu zake zote. Soko likakimbia. Maharage yalimwagika, mbuzi wakakata kamba zao, na viazi vikateremka barabarani bila mwenyewe. Ajida Valentin, aliyekuwa mkuu wa kikosi kidogo cha wanajeshi pale Musienene, alikuwa kwa kinyozi. Yeye alikuwa mtu wa mkoa wa Équateur, mrefu na mwenye kujipenda. Alitoka mbio na bunduki mkononi na sabuni kwenye shavu moja, akawapanga watu wake nyuma ya ukuta wa ghala, wakangoja adui.

Adui hakuja. Alikuja Kavuo, anashuka polepole na kitunga chake cha viazi, akiwa na hamu ya chumvi. Alikuta meza bila watu. Aliita mara mbili kwenye kibanda cha chumvi, akaona bunduki zinamtazama kutoka nyuma ya ghala, na nyuma ya bunduki ajida mwenye nusu ya ndevu.

“Mon adjudant,” aliuliza, “leo ni kilio ya nani?”

Walipofahamu kilichotokea, ajida alikasirika kweli, na simlaumu. Aliita wanawake wote mbele ya ofisi yake, akaweka beseni chini, akasema kila mtu avue filimbi aitie humo.

“Bamama, nilikimbia na ndevu nusu,” alisema. “Batu yangu banacheka mpaka sasa. Siku ya kweli itakuya, nani ataamini? Mutie yote.”

Kavuo alisogea wa kwanza, akashika kamba yake, lakini hakuivua. Alikuwa na “mais” yake, yaani lakini ya Kifaransa.

“Unaweza kukamata, mon adjudant. Mais utupatie soldat moja moja kwa kila kilima, akae na siye mpaka mangaribi. Na ajue kulima.”

Askari walicheka, kisha ajida mwenyewe akauma midomo asicheke. Masere Anne-Marie akapata nafasi ya kuwaombea wanawake. Filimbi zilibaki shingoni, lakini salamu ilikatazwa. Kuanzia siku hiyo filimbi ilikuwa ya hatari tu.

Habari zilifika Butembo kabla ya viazi. Dereva wa lori alimsimulia Sikuli, na dereva hakusimulia kidogo. Mume wangu alipanda pikipiki bila kula, akarudi jioni na mama yake nyuma, kitunga kikiwa tupu na uso wake ukiwa umefungwa. Nilimpa chumba kinachopata jua. Nilimpikia bugali laini na sombe ya majani ya mihogo yenye mafuta ya mawese, na kila kitu alisema ni kizuri, na kila siku alikonda.

Lazima niseme ukweli juu ya Kimemi, ingawa ni kwetu. Watu wamejaa. Huyu anauza mabati, yule mafuta, wengine wanapita na mikokoteni toka asubuhi. Lakini jioni kila lupango linafunga mlango wake, na ukisikia jirani anakohoa hujui jina lake. Siku moja, saa ya kushuka shambani, nilimkuta mamamkwe amesimama katikati ya ua. Aliweka filimbi mdomoni akapuliza vipande vinne. Akangoja. Mbwa wa jirani alibweka. Kisha kichwa cha mtu kikatokea juu ya ukuta, kikauliza kama kuna mechi.

Kavuo alikaa kwenye kigoda.

“Bénie, batu beko mingi hapa,” alisema. “Na hakuna mutu moja anaitika.”

Mimi nimekulia hapo na sikuwahi kungoja mtu aitike. Nilimweleza Sikuli usiku huo, na siku ya soko iliyofuata mama akapanda lori la wachuuzi bila kumuaga mtu ila mimi, nami nilimfungia mandazi. Sikuli alipogundua alimfuata mpaka Musienene, akasimama mlangoni kwake akasema neno ambalo kila jirani alilisikia.

“Mama, uko mukubwa, siwezi kukufunga kamba. Mais jambo moja tu tena, moja, na ninauzisha Kisalala. Karatasi za Papa ziko na miye.”

Hakuwa anatania. Wafanyabiashara wa Butembo hawatanii na neno kuuza. Kavuo alijua hivyo, na kutoka siku hiyo alikanyaga kila tuta kwa uangalifu, maana sasa hata kujikwaa kungemnyang'anya shamba la mume wake.

Lakini kukaa kimya hakuweza. Alichemsha viazi, akaviweka kwenye jani la mgomba pamoja na chumvi ya pilipili, akaenda kwa ajida Valentin. Alingoja mpaka ajida amalize kula. Kisha akamwambia kwamba kosa halikuwa salamu, kosa lilikuwa fujo. Wote walisalimia kwa pamoja kwa sababu kila mmoja alikuwa na hamu. Sasa wangefanya kama rozari: mmoja anaanza, wengine wanangoja, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Kisalala ianze, kwa kuwa iko juu ya vyote na mwenyewe ni mkubwa kwa umri. Kisha Berthe, kisha Tamar, kilima baada ya kilima mpaka bondeni, kila mmoja mara moja tu. Hakuna atakayedhani ni vita.

Ajida alifuta mikono.

“Na kama moja anapita mbele ya mwenzake?”

“Atapita mbele ya mukubwa?” Kavuo aliuliza. Alishangaa kweli.

Nasikia ajida aliuliza jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kutoka kwa mwanajeshi. Aliuliza nani anamalizia.

“Huku chini hakuna mutu,” alisema Kavuo. “Inaishia ku soko.”

“Miye niko na filimbi ya kuamurisha batu,” alisema ajida. “Mama yangu analimaka mihogo karibu na mto, kule kwetu. Tangu vita sijui kama bado anaamuka.” Alitazama maganda ya viazi. “Munaweza kuniweka wa mwisho.”

Mimi siwezi kusema askari wa wakati ule walikuwa malaika. Kuku wetu walijua. Lakini tangu jioni ile salamu ilianzia Kisalala na kushuka bonde lote taratibu, na mwisho wake kabisa, pale chini karibu na ghala, filimbi nzito ya ajida Valentin iliitika. Watoto wakawa wanajua kwamba ikishalia hiyo ni wakati wa kuwasha moto. Hata kinyozi alikuwa anaingoja ndipo afunge.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi. Siku moja, baada ya mvua ya mchana, Kavuo alikuwa anachimba viazi kwenye tuta la juu, lile la kwanza kabisa ambalo Papa Mathe alilichimba akiwa kijana. Udongo ulikuwa umekunywa maji mpaka ukalegea. Tuta lilikatika chini ya miguu yake, likamteremsha mpaka kwenye mfereji, na mguu wake wa kushoto ukabaki nyuma kidogo kuliko mwili. Alisikia mfupa ukivunjika. Alipotulia alikuwa amezikwa mpaka kiunoni, uso umejaa matope.

Aliidaka filimbi kwa midomo, kama alivyojizoeza. Akapuliza. Ikatoka pumzi tu na matope. Kile kimpira cha ndani kilikuwa kimeganda. Aliipangusa kwa kidole akapuliza tena, akaitikisa, akapuliza, na haikulia. Aliita, lakini mfereji ukaimeza sauti yake. Alinisimulia baadaye kwamba hapo hakuogopa kufa. Aliogopa Sikuli. Alilala pale mfereji ukipitisha maji chini ya mgongo wake, akimwambia Papa Mathe, kwa jina lake, kwamba shamba linakwenda kuuzwa kwa sababu ya tuta lake mwenyewe.

Jua likashuka nyuma ya mikaratusi. Berthe, ng'ambo ya kijito, alipakia kitunga chake, akapitisha ukanda, akasimama angojee Kisalala ianze. Haikuanza. Alifikiri labda Kavuo anamalizia tuta, ana tamaa ya viazi, anajulikana. Akangoja. Chini yake Tamar naye alisimama na mzigo mgongoni, anangoja Berthe. Chini ya Tamar wengine. Hakuna aliyethubutu kupita mbele ya mkubwa. Bonde zima lilisimama na vitunga mgongoni na filimbi midomoni, na hakuna iliyolia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Huko sokoni watu waliacha kufunga mizigo yao wakatazama juu, kwa kuwa saa ilikuwa imefika na hakuna kilichosikika.

Berthe aliangusha kitunga. Alipuliza mfululizo, bila kukata, huku akikimbia, na vilima vikapokea kimoja baada ya kingine. Safari hii hakuna aliyeuliza kama ni mchezo. Wanawake walivuka kijito na majembe, na kutoka sokoni akapanda ajida na watu wake, na wauza vitunguu nyuma yao. Berthe ndiye aliyefika kwanza. Aliona tuta lililokatika, akaona kitambaa cha kichwa, akaanza kufukua kwa mikono.

“Berthe,” ikasema sauti kutoka mferejini, “unaingia mu shamba ya mutu bila kusalimia?”

Walimtoa. Ajida alikata mikaratusi miwili, wakafunga blanketi, wakatengeneza kipoyi, na wanawake walimteremsha wakipokezana mabega mpaka kituo cha afya, ambako mguu ulinyooshwa na kufungwa. Muuguzi alisema utapona, ila utahitaji subira. Kavuo alisema subira hana, amwambie nani anaiuza.

Kesho yake tulifika na Sikuli. Njiani, nyuma ya pikipiki, nilikuwa nimesikia hotuba yote akiijaribu kwa upepo. Tulimkuta mama kitandani kwake, mguu juu ya mto, filimbi yake imeoshwa inaning'inia kwenye msumari. Sikuli alisimama.

“Mama, nilisema jambo moja. Asiyesikia la mkuu…”

Akakwama. Mama alimtazama kwa hamu kubwa.

“Endelea. Huvunjika guu. Na mukubwa hapa ni nani, Sikuli?”

Nilitoka nje kucheka. Niliporudi walikuwa bado wanatazamana, na Sikuli alikuwa ameshikilia neno lake: shamba linauzwa. Mama hakubisha, jambo lililonitia hofu.

“Uzisha,” alisema. “Mais viazi biko bado chini. Bitaoza, na baba yako hakupenda kitu ioze. Panda kesho uchimbe. Kisha utauzisha.”

Asubuhi alipotaka kupanda, Berthe alimsimamisha mlangoni. Hakuna anayekwenda kilimani peke yake bila filimbi. Sikuli, mwenye maduka yake, aliinamisha kichwa akavishwa ile kamba nyekundu yenye fundo, na Berthe akamwelekeza kwamba jioni ndiye anayeanza. Alijibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyowajibu wanawake wakimwagiza chumvi.

Nilibaki na mamamkwe, ninamkanda mgongo. Mchana ukapita. Jua likashuka nyuma ya mikaratusi. Hatukusikia kitu. Tulingoja, na kimya kikawa kirefu, nami nikajikuta nimeshika mkono wake kwa nguvu, kwa kuwa aliyekuwa juu kule alikuwa mume wangu. Kisha ikaja sauti ya filimbi ya Berthe, mfululizo, na vilima vikapokea, na tukasikia watu wanapita mbio mbele ya nyumba. Nililia waziwazi. Mama hakulia, lakini alikuwa anasali haraka sana.

Yaliyotokea juu nimesimuliwa na Sikuli mwenyewe. Alikuwa amemaliza viazi mapema. Kisha aliona tuta la baba yake lililokatika, akasema atalishikiza kidogo tu ili mnunuzi asilione baya. Akaleta mawe. Akaleta udongo. Alikuwa mtoto mara ya mwisho alipoligusa tuta lile, akimpokelea baba mawe, na mikono ilikumbuka. Hakuona jua. Alipoinua kichwa, matope yakiwa mpaka kwenye viwiko, alimwona Berthe amesimama mbele yake na jembe, anahema. Nyuma yake Tamar na wanawake wa vilima vyote, na nyuma yao ajida Valentin ameshika mbavu.

“Kuko nini?” Sikuli aliuliza.

“Kisalala haikuanza,” alisema Berthe.

“Nilisahau tu.”

“Weye unaweza kusahau,” alisema Berthe. “Siye hapana.”

Aliniambia kwamba maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kupanda kilima kwa ajili yake. Mlango wetu Kimemi una kufuli mbili, na hakuna hata moja inayojua kama amerudi. Alisimama mbele ya wale wanawake na machozi yakamtoka, mtu mzima, na hawakumcheka. Walingoja. Alipoelewa wanangoja nini, aliidaka filimbi akapuliza, na kwa kuwa ni mtu wa mjini alipuliza vipande vitano badala ya vinne. Berthe akaitika, hatua mbili mbele yake. Kisha Tamar. Kisha wote, kila mmoja kwa zamu yake, wamesimama pamoja kwenye shamba moja wakisalimiana kwa filimbi, na wa mwisho ajida. Ndipo wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Huku nyumbani tulisikia yote yakitoka mahali pamoja. Mamamkwe aliachia mkono wangu.

“Njo Sikuli uyu,” alisema. “Anasalimia mubaya. Mais anasalimia.”

Alipoingia, mama hakumuuliza chochote juu ya matope. Alimngoja afike kwenye beseni.

“Donc, umepata mununuzi?”

Sikuli alikuwa ananawa mikono, ametupa mgongo. Alichukua muda mrefu kwenye kucha. Kisha akauliza kama jembe la Papa Mathe bado lina mpini.